Mbingu za Sheikh Muhenna

Nna miaka sabiini na tatu na nilikuwa nikidhani mwizi wa maiti ni hadithi ya kutishia watoto, mpaka nilipokaa kitako na ukoo wangu mwenyewe.

Kitabu kina jalada gumu la kijani na herufi za dhahabu. Kinasema: Sheikh Muhenna, mkulima na khatib wa mwanzo wa Kipandoni, Pemba. Muhenna ni babu yangu, baba wa baba. Jembe hakulishika hata kwa mchezo. Khutba ndo usiseme. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia mzee wake haondoki barazani ila kwenda chooni, na huko pia anataka abebewe maji. Mtu huyo leo, akiwa kaburini, amepewa shamba alilolima mtu mwengine, mimbari aliyosimama mtu mwengine, na maneno yaliyotoka kinywani mwa mtu mwengine. Mtu huyo mwengine jina lake Awadh. Alikuwa babu wa mke wangu.

Aliyeamua hayo ni Mahfoudh, bin ami yangu, mwenyekiti wa kamati ya ukoo. Amestaafu wizarani na cheo kikubwa, ana villa Madinat Sultan Qaboos, huku Uarabuni tulikohamia, yenye majilisi mbili, moja ya wageni na moja ya wageni wakubwa. Miye niliendesha gari la maji miaka thalathini na moja. Nimesoma chuoni kwa maalim, juzuu zote, na skuli madarasa manne, basi. Katika ukoo wetu mwenye madarasa manne huitwa kwenye karamu na kwenye jeneza. Kwenye mashauri haitwi.

Bakhita, mke wangu, ana mwaka wa pili ardhini. Alipokufa, binti yetu Afra alifungua sanduku la mama yake akakuta daftari limefungwa kwenye kanga kuukuu. Miye nalijua daftari lile. Bakhita alikuwa akinipa nimsomee, kwa kuwa limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu, na yeye kusoma alikuwa hajui. Alinambia siku zile za mwisho, anazungumza kwa tabu, "Ghanim, nataka babu yangu ajulikane kwa jina lake. Asiitwe mtoto wa mtu." Wasia wake ulikuwa huo tu. Hakutaka sadaka wala kisima.

Nitakwambieni alikuwa nani Awadh, maana katika kitabu chao hamtamkuta.

Alifika Kipandoni peke yake, bado kijana. Daftari linasema: "Nalifika na shoka moja na muhogo wa siku tatu. Hapana nyumba, hapana njia, pana tumbili. Mti wa kwanza nalikata kwa Bismillahi, wa pili kwa matusi, wa tatu nikarudi kwa Bismillahi." Akafyeka, akachoma, akapanda muhogo na mpunga wa mlimani, tumbili wakala nusu, naye akala nusu. Mwaka wa pili akapanda mikarafuu, na mkarafuu mtu huupanda leo akangoja miaka sita, saba, ndo auchume. Akajenga banda la makuti, upande mmoja akilala, upande mmoja akisali. Kila aliyepita akitafuta pa kukaa alimwonesha pa kufyeka, na jioni akamkalisha akamfundisha Fatiha.

Ijumaa walikuwa hawasali. Kwa madhehebu yake Ijumaa haisihi mpaka watimie wanaume arubaini, wakaazi wa hapo, na wote wawe huru. Mtumwa hahesabiwi. Basi Awadh alikaa miaka kumi na moja akingoja watu, kama anavyongoja mikarafuu. Daftarini kawaandika mmoja mmoja, jina lake na alichofyeka. Wa thelathini na tisa alikuwa kiziwi. Wa arubaini alifika mwezi wa Shaabani, mgonjwa wa ngiri, hawezi kuinama, na Awadh ameandika, "Hata akisali kwa ishara, ni mtu huru, basi tumetimia." Ijumaa ile akapanda juu ya kipande cha gogo kutoa khutba. Khatib hushika fimbo au upanga. Yeye alishika mpini wa jembe, na jembe lenyewe liko mwisho wake.

Mtu wa namna hiyo ukiwa naye katika nasaba yako, unamficha? Wangu wamemficha, kisha wakamvua joho wakamvisha mvivu wao.

Kosa la kulitoa daftari nyumbani ni langu. Jaifar, mtoto wa Mahfoudh, alinijia haijafika hata mwezi Bakhita amezikwa. Ni daktari wa kitabu, si wa sindano, anafundisha chuo kikuu. "Ami," akanambia, "tunakusanya makaratasi ya wazee." Nikaona jina la Awadh litatoka. Nikampa kwa mikono miwili, kama mpumbavu.

Mwezi uliopita akaniita kwake Al Khoudh niangalie kurasa kabla hazijachapwa. Kaniwekea kahawa na halwa, kaniwekea na miwani ya kusomea, maana anadhani masikini hana hata miwani. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Maneno ya Awadh yamepangwa vizuri, na kila pahala juu yake: Sheikh Muhenna amesema.

"Jaifar," nikamwambia, "haya si maneno ya Muhenna."

"Ami, daftari halina jina la mwandishi."

"Limetoka kwenye sanduku la Bakhita."

"Na Bi Bakhita alikuwa mjukuu wa nyumba ya Sheikh Muhenna. Weye mwenyewe ndo uliyesema. Ipo kwenye kumbukumbu za ukoo."

Hapo nikanyamaza, na nitakwambieni kwa nini, lakini si sasa. Nikaendelea kusoma. Nikafika hapa: "Siku ile nilipofunguliwa mbingu, nalichukua shoka nikashika njia."

"Nini hii?"

Akatabasamu. "Hii ndo roho ya kitabu, Ami. Ni kashfu. Sheikh alifunguliwa mbingu, akaona aliyoyaona, akaacha utajiri akenda kulima. Baba karibu alie nilipomsomea."

"Pingu," nikasema.

"Samahani?"

"Pingu, Jaifar. Za miguuni. Siku ile nilipofunguliwa pingu."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Nikamwambia lete daftari. Nikamuonesha kwa kidole. Wazee walipoandika Kiswahili, herufi za Kiarabu hazikuwatosha. Kiarabu hakina p. Hakina mb. Basi zote wakaziandika be, nukta moja chini. Na ng wakaiandika ghayn. Pingu ni be na ghayn, na mbingu ni be na ghayn, kasra ya i chini ya be na dhumma ya u juu ya ghayn, hakuna tofauti hata ya unywele. Maalim wetu chuoni alikuwa akitupiga kwa hilo. Ukisoma barua ya mtu ukasema "nimekuletea puzi" kumbe yeye kaandika "nimekuletea mbuzi", unakula bakora, maana hakuna kitu kinaitwa puzi. Soma kwa maana, alikuwa akisema, jicho hata punda analo.

"Kwa hiyo inaweza kuwa mbingu," akasema Jaifar.

"Inaweza. Funua khutba ya kwanza. Mstari wa nne kwako umeweka nini?"

Aliweka nukta, safu nzima, na chini yake: ibara isiyosomeka.

"Isomeke vipi tena? Wino mweusi ti. Soma."

Hakusoma. Wallahi uso wake ulibadilika, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikwisha isoma zamani. Nikaisoma miye: "Mola hakuumba pingu. Pingu zimefuliwa na fundi, na fundi namjua jina lake. Basi msimsingizie Mola."

"Sasa tia mbingu yako hapo," nikamwambia. "Mola hakuumba mbingu. Haya, sema."

"Astaghfirullah, Ami."

"Ndo ukatia nukta."

Akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Msomi huyo. Serikali imemsomesha, nje na ndani, ili ajifunze pahala pa kutia nukta.

Siku mbili baadaye Mahfoudh akaja kwangu Al Hail mwenyewe. Mtu ambaye matangani kwa Bakhita alikaa dakika kumi na hitma hakuja. Gari lake likaziba mlango wa jirani, na udi ukaingia sebuleni kabla yake. Akakaa ukingoni mwa kochi kama anayeogopa litamchafua dishdasha.

"Ghanim, bin ami yangu, unatafuta nini?"

"Jina moja tu, Mahfoudh. Awadh."

"Mwaka sabiini na sita ulisimama mbele ya marehemu baba unataka kuoa. Ukaulizwa, bibi huyu ni wa nani? Ukasema nini?"

Sasa ndo niseme. Nilisema babu yake alikuwa mtoto wa nyumba ya Muhenna. Maneno hayo yana pande mbili. Mtoto wa nyumba anaweza kuwa wa damu, na anaweza kuwa aliyenunuliwa akalelewa na kutumwa. Sikudanganya. Niliyalaza maneno kati, nikawaachia wayageuze watakavyo, maana bila ya hivyo nisingempata Bakhita. Alikuwa pembeni ya mlango akisikia. Hakunambia neno siku ile, wala miaka arubaini na sita iliyofuata, mpaka siku ya wasia.

"Nilisema mtoto wa nyumba," nikajibu. "Na nyinyi mlijua maana yake."

"Tulijua. Tukakustiri."

"Mlinistiri? Harusi ngapi nyumbani kwenu Bakhita alisimama kwenye masufuria, wanawake wenzake wamekaa juu ya mazulia wanapakwa hina? Mke wa mtoto wenu. Mkono wake mkiusifu, pilau yake mkiramba vidole, na pahala pa kukaa hamumwoneshi. Mkijua, ndo maana."

"Wanawake wana mambo yao."

"Na kamati, nayo ni ya wanawake?"

Akapuliza pumzi. "Sikiliza. Jumamosi anakuja bwana wa maonyesho ya makhatuti, hati za kale, kulichukua daftari. Litawekwa ndani ya kioo, watu watoke kila nchi waje walione. Jina la ukoo wetu. Limetoka nyumbani kwako, kwa hiyo karatasi ya kukabidhi inataka saini yako. Weye tia saini, na katika utangulizi tutaandika shukurani kwa marehemu Bi Bakhita kwa kulihifadhi."

"Kulihifadhi. Kama kabati."

"Usiwe na ulimi mchafu. Na kama hujifikirii weye, mfikirie Afra. Mtoto wake Taghreed ameposwa na watu wazuri. Unataka siku ya kuulizana nasaba isomwe pingu?"

Akainuka. Mlangoni akanipiga bega, taratibu, kama unavyompiga ng'ombe wa kuuzwa. Nilikwenda kuosha dishdasha yangu pale pale.

Afra alinijia kesho yake, keshakwisha kupigiwa simu na kina Mahfoudh. Ni mtoto mzuri, kamfuata mama yake, hapigi kelele. Akanitengenezea chai ya maziwa ndo akasema.

"Baba, mimi nawachukia wale kuliko unavyowachukia weye. Lakini ni mtoto wangu. Watu wale wakijua, watakuja na adabu zao zote, watasema istikhara haikutoka vizuri. Nani atamuoa tena?"

"Mama yako aliniusia."

"Mama alikuusia weye, hakumuusia Taghreed." Akazungusha kijiko. "Kwani huwezi kunyamaza tu? Umenyamaza miaka yote."

Hilo lilinipata pahala pake. Ningemjibu nini? Kwamba kwa kuwa nimenyamaza ndo najua uchafu wa kunyamaza? Kila harusi ile miye nilikuwa majilisini na wanaume, nakula mkono wa mke wangu kwenye sinia la watu, na nasema mashallah.

Jumamosi baada ya Alasiri Afra akanipeleka kwa gari. Majilisi ya wageni wakubwa imejaa, wazee wa ukoo na vilemba vyao, Jaifar na kompyuta yake, na bwana wa maonyesho kwenye kiti cha katikati, kijana mpole, Mwarabu mtupu, Kiswahili hajui. Daftari limewekwa juu ya mto wa mahameli. Mto wa mahameli! Mwenyewe ameandika alilifunga kwenye gome la mgomba tumbili wasilichane.

Mahfoudh akazungumza sana. Sheikh Muhenna na nuru yake, Sheikh Muhenna na jembe lake. Nilitazama mikono ya wale wazee juu ya magoti, laini, imepakwa mafuta. Nikaomba maji.

Kisha ikaletwa karatasi. Bwana wa maonyesho akanikaribia akaniuliza kwa Kiarabu, kwa heshima, "Mzee, hati ni ya nani? Nikuandikie jina?"

"Naandika mwenyewe," nikamwambia.

Nikachukua kalamu. Pahala pa mwandishi nikaandika kwa Kiarabu: Awadh, aliyekuwa mtumwa wa Muhenna, kisha mtu huru, mkulima na khatib wa Kipandoni. Mwandiko wangu mbaya lakini unasomeka. Nikatia saini chini.

Yule kijana akasoma. Akasoma tena. Akamtazama Mahfoudh.

Mahfoudh akaichukua karatasi, akasema kwa Kiswahili ili mgeni asielewe, "Ghanim, umepata wazimu wa ujane?"

"Sijapata. Nna suala moja kwa majilisi." Nikafungua daftari, nikausoma ule mstari wa nne mbele yao wote, kwa Kiswahili, kisha nikamfasiria mgeni kwa Kiarabu changu cha gari la maji. Mola hakuumba, nikaacha pengo. Zimefuliwa na fundi, na fundi namjua jina lake. "Hapa pana be na ghayn. Ukisoma mbingu, mwenye maneno haya amekufuru juu ya mimbari siku ya Ijumaa. Ukisoma pingu, ni Muislamu safi, lakini alikuwa na chuma mguuni. Sasa nambieni. Mkitaka Muhenna awe ndiye aliyeandika, mchukueni na kufuru yake. Maana Muhenna pingu hakuvaa. Yeye alikuwa akizitia."

Mzee mmoja akasema astaghfirullah kama mtu anayepiga chafya. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Nilimtazama Jaifar.

"Weye msomi. Isomwe vipi?"

Alimtazama baba yake, akaitazama kompyuta. "Kilugha," akasema, sauti ya chini, "zote mbili zinawezekana."

Kwa hilo nilimdharau kuliko baba yake. Baba yake ni mwongo wa kujua anachokitaka.

Bwana wa maonyesho akafunga faili lake. Akasema kwa adabu kwamba penye khilafu wao hawapokei, tukikubaliana tumpigie. Akala sambusa moja kwa heshima ya nyumba, akaaga. Mahfoudh akampeleka mpaka mlangoni, akarudi akicheka, akasema, "Haya jamaa, karibuni, chakula kisije kikapoa." Na wakainuka! Wote. Wakanawa mikono wakakaa kwenye masinia. Mmoja alinisogezea nafasi kwa goti, bila ya kunitazama.

Nikachukua daftari kutoka kwenye mto. Mahfoudh alikuwa ameinama, akasema bila ya kuinua kichwa, "Jina lako litafutwa kwenye shajara, mti wa nasaba ya ukoo, na la mtoto wako."

"Anza kwa wino mzuri," nikamwambia, nikatoka.

Afra alikuwa upande wa wanawake, lakini ukuta wa villa zile ni wa jasi, kila kitu kimesikika. Aliingia garini macho mekundu. Tulipokaribia njia ya kuingilia Al Hail ndo akasema.

"Wataniuliza, Baba."

"Sema babu wa mama yako alikuwa khatib."

"Na kabla ya ukhatib?"

"Sema alikuwa na pingu, na aliyemtia ni babu wa baba yako. Damu zote mbili ni zako, Afra. Huwezi kuchagua moja."

Alipiga usukani kwa kiganja mara moja, akaendesha.

Jumatatu mama wa mchumba alipiga simu. Mimi nilikuwa kwa Afra, nimekwenda kwa kuwa alinambia njoo, na sikujua njoo hiyo ya hasira au ya nini. Afra alifungua sauti ya simu ili nisikie. Yule mama alizunguka sana, afya, joto, watoto, ndo akafika. Amesikia maneno, watu hawana haya, wanasema vitu. Ni kweli?

Afra alinitazama. Nilidhani atasema mzee wangu amezeeka, tusamehe. Ningemsamehe.

"Ni kweli, Bi mkubwa," akasema. "Alikuwa mtumwa, akaachwa huru, akafyeka Kipandoni na akawa khatib wa watu arubaini. Majina yao tunayo. Daftari liko kwangu, ukipenda njoo ulione."

Yule mama akasema watatupa jawabu.

Leo ni siku ya tisa, jawabu halijaja. Kitabu kimetoka, nimesikia, na mbingu imo mle mle, na nukta zimo. Wamekigawa kwenye msikiti wao baada ya Ijumaa, mtu na nakala yake. Afra ameniomba nimfundishe herufi za zamani, yeye na Taghreed. Tumefika mtu wa kumi na nne katika wale arubaini. Alikuwa fundi wa mitego, amefyeka kutoka kisimani mpaka kwenye mwembe mchungu, na jina lake limeandikwa kwa be. Taghreed anasema Pandu. Afra anasema Bandu. Miye bado sijaamua.